Swingi: kabla ya kasi, nionyeshe mshono

Vijana wengi ninaowafundisha kurusha mpira wa kriketi wanataka kasi. Mimi huanza na kifundo cha mkono. Anayerusha kilomita 145 kwa saa lakini mpira wake ukaenda mnyoofu tu, mpigaji mzuri atamzoea upesi. James Anderson wa Uingereza hakuwa mwenye kasi kupita wote, lakini alistaafu Test, kriketi ya mataifa ya siku tano, mwaka 2024 akiwa na wiketi 704, yaani wapigaji aliowatoa.

Siri ya swingi, yaani mpira kupinda ukiwa hewani, iko kwenye mshono wa mpira. Uelekeze upande kidogo, vidole viwili viwe nyuma yake, mpira uzunguke kinyumenyume bila kuyumba. Upande wenye mshono hewa huvurugika, na hewa iliyovurugika hung'ang'ania ngozi ya mpira kwa muda mrefu zaidi. Upande laini hewa huachia mapema. Hapo mpira husukumwa kufuata unakoelekea mshono. Ndiyo maana wachezaji hawachoki kusugua upande mmoja kwenye suruali. Mate ya kung'arishia yalipigwa marufuku katika kriketi ya kimataifa mwaka 2020, limebaki jasho.

Wapigaji hulalamika kwamba mpira umepinda dakika ya mwisho. Ukweli ni kwamba husukumwa tangu utoke mkononi, ila kupinda kwake hukua kwa mraba wa muda. Nusu ya kwanza ya safari huhama kama robo tu. Robo tatu zote huja katika nusu ya pili, ambayo kwa mrushaji wa kasi ni kama robo sekunde. Nani atabadili pigo kwa muda huo?

Kasi nayo ina kazi yake. Mpira ukichakaa, au ukirushwa kwa kasi kubwa mno, hewa huvurugika kabla ya kuufikia mshono. Mshono sasa huidhoofisha, nayo huachia mapema upande huohuo, na mpira unakwenda kinyume na mshono unakoelekea. Hiyo ndiyo swingi ya kinyume, fani iliyokomazwa na Wapakistani: Sarfraz Nawaz, Imran Khan, kisha Wasim Akram na Waqar Younis.

Fainali ya Kombe la Dunia ya 1992 kati ya Pakistan na Uingereza, Melbourne, bado naichezesha darasani. Wasim, wa mkono wa kushoto, alirusha mpira ulioelekea ndani kwa Allan Lamb, kisha ukatoka nje na kugonga vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji, naye akatolewa. Uliofuata ukamwingilia Chris Lewis, ukagusa ukingo wa ndani wa gongo na kuishia kwenye vijiti. Uingereza ikashindwa kwa mikimbio (pointi) 22. Wanafunzi hutazama vijiti vikiruka. Mimi nawarudisha nyuma waangalie mkono, waniambie kama wanaona tofauti kati ya mipira hiyo miwili.