Makumbi ya Nazi Hayali Rangi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dar es Salaam haina shida ya makumbi, vifuu wala pumba za mpunga. Ndiyo maana wazo la kusafishia maji machafu ya rangi ya batiki kwa taka hizi linapendwa sana. Wazo ni zuri, ila limebebeshwa mengi yasiyo yake.

Dhana: Mmea wowote hunasa rangi yoyote.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Makumbi, pumba na vumbi la mbao vina selulosi na lignini, yaani vitu vinavyojenga nyuzi na ugumu wa mmea, na vikiwa ndani ya maji ya kawaida uso wake huwa na chaji hasi. Rangi yenye chaji chanya, kama methilini buluu, huja yenyewe na kung'ang'ania. Rangi hiyo hutumika mno kwenye majaribio, na ndiyo inayofanya zile picha za kabla na baada zipendeze hivyo.

Sasa njoo kwenye rangi riaktivu, zile zinazoungana kikemikali na uzi, zinazotumika kwa vitambaa vya pamba. Hizo zina chaji hasi, na hasi kwa hasi hukimbiana. Isitoshe, maji yake hutoka na magadi mengi, hali inayozidisha ubishi. Ukitaka pumba zifanye kazi, itabidi maji yatiwe asidi kwanza, au pumba zenyewe zitibiwe zibadilike chaji.

Mbegu za mlonge zinafuata njia nyingine. Protini zake zina chaji chanya, kwa hiyo zikisagwa na kukorogwa ndani ya maji, hushikana na rangi za namna hii na kufanya mabonge yanayozama chini. Kwa rangi za pamba, mimi ningeanza na mlonge kabla ya makumbi.

Dhana: Maji yakitakata, rangi imekwisha.

Imehama tu. Laza pumba kwenye maji ya buluu usiku kucha, asubuhi utazikuta zenyewe ni za buluu, hadi kwenye mikunjo. Ukizimwaga mtaroni, masika yatazisomba hadi Msimbazi, na Msimbazi unamwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Kuzichoma jikoni nako si salama, kwani rangi nyingine zina metali. Buluu ya firuzi, kwa mfano, mara nyingi hubeba shaba. Zikaushwe, zifungwe kwenye mifuko, zisichanganywe na mbolea wala chakula cha mifugo.

Dhana: Maji meupe yanafaa kumwagilia mchicha.

Hapana. Chumvi, magadi na kostiki soda havinaswi na makumbi, na chumvi ikizidi huua mboga. Tena pumba mbichi hutoa rangi yake ya kahawia na uchafu unaomaliza oksijeni majini, kwa hiyo zioshwe kabla ya kutumika.

Dhana: Mkaa wa jikoni ni sawa na mkaa amilifu.

Vyote ni mkaa, lakini mkaa amilifu, ule wa kunasia uchafu majini, hupikwa kwa joto kali, kisha hupitishwa kwenye mvuke au kemikali ili utobolewe vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500, yaani kuzidi kiwanja kizima cha mpira wa kikapu. Vifuu vya nazi ni malighafi nzuri sana kwa kazi hiyo. Ule wa gunia haufiki huko.

Dhana: Taka ni bure, basi usafishaji ni bure.

Kuna kukusanya, kukausha, kusaga, na kubadilisha kila zinaposhiba rangi. Ukisaga laini sana, chujio linaziba. Kwa kiwanda kikubwa hii ni hatua ya mwisho baada ya mitambo mingine. Kwa fundi wa batiki wa uani, pipa moja linatosha kuanzia, mradi ajue kwanza rangi anayonunua ni ya aina gani. Muuzaji akisema tu "ni rangi ya kitambaa", jaribu kwenye chupa mbili, moja yenye pumba na nyingine yenye unga wa mlonge, halafu uone ipi inapauka.