Data za redio na tivii za umma: vijana wa Unguja na Pemba, tuelewane kabla hamjaanza kukomba

Miezi hii maombi yamezidi ofisini kwetu hapa mjini na malalamiko nayo yamezidi, vijana wanaoandika programu wanataka vyombo vya utangazaji vya umma viwafungulie data zao, yaani ratiba za vipindi, vichwa vya habari, maktaba ya sauti, ili wajenge app zao. Mie nalitaka jambo hili kwa moyo wangu wote na ndio kazi yangu ya kila siku. Ila kuna maneno yanazunguka mitandaoni sio sawa, na moja limenichosha khasa, hili la "redio ya umma ni yetu sote, kwa hiyo nachukua ninachotaka". Hapana jamani. Jengo la skuli ya serikali nalo ni letu sote, lakini huendi usiku ukabeba madawati.

Wengi wananitajia BBC kama mfano, na ni mfano mzuri lakini usomeni wote. Mei 2005 kule Uingereza walifungua mradi wao wa BBC Backstage, wakawaambia watu wa nje chukueni vitu vyetu mjengee vyenu, na watu wakajenga kweli, taarifa za foleni barabarani wakazipandisha juu ya ramani, ratiba za tivii wakazipanga upya kila mtu kwa anavyopenda. Ukafungwa Desemba 2010. Kinachosahaulika ni kwamba ruhusa ilikuwa kwa matumizi yasiyo ya biashara, na waliyoyatoa waliyachagua wenyewe, milisho ya habari (orodha za habari zinazojisasisha zenyewe), ratiba, taarifa za usafiri. Hawakumwaga maktaba yao yote barazani.

Na kuna kazi nyengine hawa wenzetu walifanya kimyakimya ambayo mie naiona kubwa kuliko API yenyewe, yaani ule mlango ambao programu za nje zinachukulia data. Kuanzia 2007 kila kipindi chao kilipewa namba yake ya kudumu na ukurasa wake, kipindi kikirudiwa au kikibadilishwa saa, namba ni ileile. Sisi bado tunahangaika hapo. Nilikaa na ratiba moja ya wiki nikakuta kipindi kimoja kimeandikwa majina matatu, "Taarifa ya Habari", "Habari", na "Habari saa 2". Na hiyo saa 2 sasa! Mtangazaji anaandika saa 2 anakusudia usiku baada ya Isha, programu inasoma saa nane za usiku watu wamelala. Kijana mmoja wa Kikwajuni alinionesha app yake inamkumbusha bibi yake taarifa ya habari saa nane za usiku, na kodi yake, yaani maandishi ya programu, haikuwa na kosa hata moja, kosa ni letu tulioandika. Ramadhani ikiingia ndio ratiba nzima inageuka. Kwa hiyo mkiambiwa subirini data isafishwe msidhani mnabaniwa.

Yule yule kijana alikuwa na kitu chengine ambacho kilinishtua. Anakomba, yaani programu yake inanakili yenyewe, matangazo ya vifo kwenye ukurasa wa redio moja kisha anayatuma kwenye magrupu. Nia yake njema, watu wawahi mazikoni, na hapa kwetu tangazo la kifo la redioni kila nyumba inalisikiliza. Lakini nimetazama kwenye simu yake, majina ya watoto wa marehemu yamo, mtaa, nyumba inapotokea maiti, namba ya simu ya mtoto mkubwa, yote yamekaa humo tangu miezi iliyopita na yeyote anaweza kuyatafuta. Familia ilitoa namba ile kwa ajili ya siku ile moja tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalitazama jambo hili kwa makini sana, mtu binafsi akitoa taarifa za watu kinyume na sheria faini inaanzia shilingi laki moja mpaka milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na anayeingia kwenye seva (kompyuta inayohifadhi data) bila ruhusa kwa kubahatisha nywila, huyo ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, ile iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote, na inafika mpaka huku Zanzibar.

Muziki ndio usiseme. Redio kupiga taarab hakuifanyi taarab ile kuwa mali ya redio, kuna mtunzi, muimbaji, wapigaji, wengine wamefariki na warithi wapo. Hakimiliki hapa ina sheria yake ya 2003, na ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar ni COSOZA, sio COSOTA ya bara, kwa hiyo kwa kazi za wasanii wa hapa anzieni COSOZA.

Mkitaka kuomba basi, andikeni barua mseme data gani hasa (sio "data zote", barua kama hiyo tunairudisha), ya nini, programu itaita seva mara ngapi kwa saa, nani ataiona, itahifadhiwa wapi kwa muda gani, na mtu akitaka jina lake lifutwe amwandikie nani. Mkibadilisha matumizi mnaomba upya, hata kama ni tangazo dogo la biashara mmeliweka chini ya skrini. Ufunguo (ile namba ya siri ya kuingilia kwenye data) mkipewa msiuweke wazi kwenye kodi mnayoigawa.

Kijana wa Kikwajuni ameshafuta matangazo ya vifo yote mbele yangu, na barua yake mpya ameomba ratiba peke yake. Tumekaa naye mchana mzima tukigeuza saa za Kiswahili kuwa saa 24, kipindi kimoja kimoja, na kwenye ratiba ya wiki tumefika Jumatano.