Kazi za Siri za Dashibodi: Kulivika Upya Gari la Rali Lililovuliwa Kila Kitu

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea karakanani, hapa Ngamiani jijini Tanga, gari aina ya Toyota Starlet alilolinunua kwa ajili ya rali za wikiendi. Viti vya nyuma, mazulia na dari vilikwisha kung'olewa, rolikeji (kizimba cha mabomba ya chuma kinachomlinda dereva gari likipinduka) ilikwisha kuchomelewa, na dashibodi ilikuwa imelazwa juu ya boneti kama pweza aliyetolewa majini, nyaya zikining'inia pande zote. "Fundi, nataka bati tu na geji tatu," aliniambia. "Hilo lidude ni uzito wa bure." Kuhusu uzito hakukosea, kwani tulilipandisha kwenye mizani ya jirani yangu muuza mkaa likafika kilo 12 na ushee. Nikamjibu, "Uzito nitakuondolea, mdogo wangu, lakini usikate waya hata mmoja mpaka tujue kila mmoja ulikuwa unafanya kazi gani."

Dashibodi ya kiwandani huonekana kama pambo lenye geji, kumbe nyuma yake zimefichwa kazi ambazo dereva hazioni kabisa. Anayeitupa bila kuzihesabu hutupa na kazi hizo, kisha hutumia wiki nzima kutafuta ugonjwa ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza dashibodi ya Volkswagen Golf ya zamani, nikaondoa kibao chote cha geji na, kwa kutaka unadhifu, mahali pa taa nyekundu ya chaji nikaweka taa ndogo ya LED. Gari liliwaka vizuri, tukaenda kulijaribu barabara ya Pongwe, na lilipozimwa kwa mara ya tatu stata haikuweza tena kuuzungusha mtambo. Betri ilikuwa imeliwa yote. Hapo ndipo nilipoijua kazi ya kwanza ya siri. Altaneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, za aina ile, zenye kituo cha waya kilichoandikwa D+, haziamki zenyewe: zinahitaji umeme kidogo wa kuzianzishia usumaku, na umeme huo hupita katika taa ya chaji na saketi yake kwenye dashibodi. Balbu ya wati 2 kwenye mfumo wa volti 12 hupitisha takriban ampia 0.17, kiasi kinachotosha, ilhali LED na kikinzani chake (kifaa cha kupunguza umeme) hupitisha kama ampia 0.02 tu. Kibaya zaidi, injini ikivutwa hadi mizunguko mingi altaneta huweza kujiamsha kwa sumaku iliyobaki katika chuma chake, kwa hiyo leo inachaji, kesho haichaji, na fundi anaanza kuilaumu betri. Dawa yake ni kurudisha balbu ya kawaida, au kufunga kikinzani cha omu 68 cha wati 5 sambamba na LED. Toyota nyingi huamshwa kwa waya mwingine, ule wa IG, lakini nao mara nyingi hupita katika kifungu kile kile cha nyaya ambacho mwenye gari ana hamu ya kukikata.

Kazi ya pili ya siri si ya umeme. Ndani ya dashibodi hupita bomba la chuma kutoka nguzo ya mlango mmoja hadi nyingine, na mhimili wa usukani umening'inizwa hapo. Bomba likiondolewa, usukani hucheza. Kwa Starlet hii tulichomelea vishikio viwili kwenye bomba la mbele la rolikeji, tukahakikisha usukani umerudi katika pembe yake ya awali kabla ya kukaza bolti yoyote. Na kama gari lina mfuko wa hewa wa usalama (airbag), betri ifunguliwe na isubiriwe zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa soketi zake. Hili halina mjadala.

Ya tatu ni feni ya kupulizia kioo. Kila mtu hutaka kuitupa, akisema Tanga hakuna baridi. Hakuna baridi, ni kweli, ila kuna masika. Watu wawili waliovaa ovaroli na helmeti, madirisha yamefungwa, mvua ya Aprili inanyesha: kioo cha mbele huwa cheupe kama chupa ya maziwa. Tulitupa mabomba ya maji ya moto, tukabakiza feni na njia moja ya hewa ielekeayo kioo.

Baada ya hapo ndipo tulipofika kwenye bati lenyewe. Nilikata kiolezo cha kadibodi, nikamkalisha kijana akiwa amefungwa mikanda yote na kukazwa kama siku ya mashindano, kisha nikamwambia anyooshe mkono. Swichi tatu nilizokuwa nimezichora hakuzifikia. Hilo ni kosa la kawaida, kwani sisi hupima tukiwa tumeinama mlangoni, huku mwenye gari ataendesha akiwa amefungwa kama mtoto mgongoni. Bati la alumini la milimita 1.5 linatosha, mradi kingo zake zikunjwe lisitetemeke, na lipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Bati tupu linapendeza pichani, lakini ukirudi jioni kutoka Muheza kwa njia za mashamba ya mkonge, jua huligonga na kurudi kiooni, na barabara huioni.

Geji nilizizungusha katika matundu yake ili, mambo yakiwa sawa, mishale yote isimame wima. Dereva hasomi namba. Anatupa jicho mara moja, na mshale uliolala humwita wenyewe. Presha ya oili nayo ilihitaji taa kubwa, kwani taa ya kiwandani huwaka presha inaposhuka hadi takriban bar 0.3, wakati ambapo injini inayozunguka kwa kasi imekwisha kuumia. Tulifunga swichi inayowaka chini ya bar 1.4. Sikubali geji inayoletewa oili yenyewe kwa kijibomba cha nailoni hadi mbele ya magoti ya dereva. Kikipasuka, ni oili ya moto mapajani. Sensa ya umeme inatosha, ila nyuzi zake za kukazia zisizungushiwe tepu nyingi ya kuzuia uvujaji, kwa sababu sensa ya waya mmoja hupata hasi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia chuma cha injini.

Hasi ndiyo inayotusumbua kuliko vyote hapa pwani. Hewa ya bahari hugeuza shaba kuwa ya kijani ndani ya plastiki ya waya, mahali usipopaona. Dalili yake ni rahisi: ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto la maji unaruka. Maji hayajachemka; geji na taa zinagombania njia moja mbovu ya kurudi. Kwa hiyo bati hili lina waya wake mnene wa hasi uendao moja kwa moja kwenye betri, na nyaya mpya zote ni zile ambazo shaba yake imepakwa bati jeupe (tin), kama zinazotumika kwenye maboti.

Taa mbili za nyongeza za wati 100 huvuta takriban ampia 17, kwa hiyo zina relei yake, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Swichi ya bati huamuru relei tu. Kila tundu la kupitishia nyaya kwenye ukuta wa injini lina mpira, la sivyo chuma kitaukata waya na kuleta shoti.

Swichi kuu ya kukata umeme nayo hukosewa. Ukikata betri peke yake, altaneta inaendelea kuilisha injini, gari halizimiki. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano ya magari, zinataka swichi ikate saketi zote na kuizima injini, ifikiwe kutoka ndani na nje, na alama ya nje iwe mwale mwekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na kitako kisichopungua sentimita 12.

Siku ya kukabidhi niliwasha injini, nikapima volti 14.1 kwenye betri huku taa na feni vikifanya kazi, kisha mwanagenzi wangu akatikisa kila kifungu cha nyaya nami nikitazama mishale. Hakuna uliocheza. Mwisho nilimfunga kijana mikanda, nikamfunika macho kwa kitambaa na kumtajia swichi moja moja. Ya waipa aliikosa mara mbili, akagusa ya pampu ya mafuta. Tukazibadilishana mahali jioni ile ile.