Eti MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hahusiki na mambo ya tabianchi?

Kila msimu wa kura hapa Kenya utasikia watu wakisema tabianchi ni mambo ya rais na wale wanaenda mikutano ya UN, MCA kazi yake ni basari na barabara basi. Si kweli, na hii imani inatuumiza sana.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imepea kaunti mitaro ya maji ya mvua, kuzoa taka, kilimo, hata kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na misitu. Sera ya umeme na sera zingine kubwa kubwa ni za serikali kuu, sawa, lakini mtaro ukiziba maji yakaingia kwa nyumba za watu, angalia kwanza nani alipitisha bajeti ya kaunti.

Chukua kaunti ya Makueni. Mwaka 2015 waliweka kanuni za hazina ya tabianchi ya kaunti na kamati za wadi ambapo wananchi wenyewe wanapendekeza miradi, na kule kwa ukame watu wanataka maji, ndio unaona mabwawa ya mchanga, ukuta unakatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanabaki humo ndani jua lisiyafikie. Mwaka huohuo wakapitisha sheria ya kuzuia mchanga kuchotwa ovyo. Hiyo sheria ilipigiwa kura na MCA, si rais.

Kwa hivyo mgombea wa wadi akija kwako muulize atapigania pesa ngapi za mitaro na miti, na kamati ya wadi itachaguliwa vipi.