Mjamzito kazini: hiyo barua ya likizo iandike mapema

Habari zenu ndugu zangu, leo naomba niongee na wadada walioajiriwa, hasa wa viwandani, mahotelini, supamaketi na kwenye hizi shule binafsi, mana kesi zinazofika kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria ni zilezile. Mdada kafanya kazi vizuri miaka miwili, tumbo likianza kuonekana tu anaambiwa kasi imepungua, mara mkataba hauongezwi, mara "nenda kalee kwanza, mtoto akikua utarudi", naye anaondoka kimyakimya. Hiyo "nenda kalee" haipo kwenye sheria yoyote.

Hapa Tanzania bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, akijifungua mapacha siku 100. Hiyo wengi wanaijua. Wanapokwama ni kwenye taarifa, sheria inataka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua na uambatanishe cheti cha daktari, sasa watu wanamwambia supavaiza kwa mdomo tu halafu baadae anakana. Andika barua, toa nakala, ya kwako wakugongee muhuri wa kupokelewa na ukaitunze nyumbani sio kwenye droo ya ofisini, wakigoma kupokea itume hata WhatsApp ili tarehe ibaki.

Na huyu anayeogopa zaidi kudai ni nani? Mara nyingi ni yule aliyekatishwa shule kwa mimba. Tanzania bara mpaka Novemba 2021 binti akijifungua hakuwa anarudi shule ya serikali kwenye mfumo rasmi, ndipo ukatoka waraka wa kumruhusu arudi ndani ya miaka miwili. Walioachwa nje kabla ya hapo leo ni wamama, cheti cha fomu foo hana, kazi kaipata kwa kujuana, mkataba wa maandishi hajawahi kuuona, kwahiyo anaamini hana haki. Dada yangu unayo! Kumpa mfanyakazi mkataba wa maandishi ni jukumu la mwajiri, na mkifikishana kwenye shauri akashindwa kuuonyesha, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha masharti mliyokubaliana, sio wewe.

Hata kwenye usaili ukinyimwa kazi kwa sababu ya mimba huo ni ubaguzi, sheria inamlinda mpaka anayeomba kazi. Kuna kipengele kinawaumiza wengi, ambaye hajafikisha miezi 6 kazini hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, ila ubaguzi bado anaweza kuudai.

Ukirudi kazini una haki ya kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Hili nalisisitiza mana nimekaa na wamama wanaokamua maziwa chooni na kuyamwaga, inaniuma sana.

Ukifukuzwa kwa ajili ya mimba nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi zipo mikoani, huduma ni bure, unajaza fomu namba moja. Una siku 30 tu tangu kuachishwa, madai mengine kama ya ubaguzi ni siku 60. Usikae kusubiri mtoto akue kwanza. Siku zikishapita itabidi ujaze fomu nyingine ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na hapo uwe na sababu ya maana ya kuchelewa.