Mzazi Anayekimbia Marathoni Bila Kutarajia Ushindi: Maswali na Majibu

Nina watoto wawili, ninaishi Moshi, na nimejiandikisha kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon. Sitarajii kushinda. Je, afya yangu itanufaika?

Itanufaika, na sehemu kubwa ya faida hiyo utaipata katika miezi ya mazoezi kuliko siku yenyewe ya mbio. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, kiwango ambacho anayejiandaa kwa marathoni hukivuka bila shida. Kwa kuwa huwanii zawadi, hulazimiki kukimbia ukiwa na jeraha au homa, na kwa maoni yangu hiyo ni kinga kubwa.

Nikimbie kwa kasi gani?

Kwa siku nyingi za wiki, kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kwenye mwinuko wa barabara ya Mweka, ambako wengi hutumia nguvu zao zote mapema, tembea bila kuona aibu.

Mtoto wangu mdogo huamka mara nyingi usiku. Niendelee kutoka saa kumi na moja alfajiri?

Hapa ndipo wazazi wengi hujiumiza. Misuli haijengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka wakati wa kupumzika, hasa usingizini, na mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Mzazi aliyekesha akimuuguza mtoto, kisha akakimbia kilomita 25 kwa sababu ratiba imesema hivyo, anauongezea mwili uchovu ambao haujapata nafasi ya kuuondoa, na uwezekano wa kuumia huongezeka. Baada ya usiku wa namna hiyo, lala, au tembea nusu saa jioni. Zile mbio ndefu za mwisho wa wiki zipangeni mapema na mwenzako, ili naye apate muda wake wa kupumzika.

Ninanyonyesha. Mazoezi yatapunguza maziwa?

Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa, mradi unakula na kunywa vya kutosha. Nyonyesha kabla ya kutoka, ili matiti yasijae. Kwa kawaida hushauriwa kusubiri angalau wiki 12 baada ya kujifungua kabla ya kuanza kukimbia; ukivuja mkojo au ukihisi uzito ukeni, muone mtoa huduma wa afya kwanza.

Ninywe maji kiasi gani siku ya mbio?

Mwishoni mwa Februari Moshi huwa na joto kali, kwa hiyo kunywa kila unapohisi kiu. Usijilazimishe kupita hapo, kwani maji mengi mno hushusha chumvi katika damu na huweza kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Epuka pia kumeza ibuprofen au diclofenac ili uvumilie maumivu, kwa sababu dawa hizo huweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji.

Ni dalili zipi zinipeleke hospitali?

Maumivu ya kifua, kuzirai, au moyo kwenda mbio bila mpangilio. Ukiwa na ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa tatizo la moyo akiwa bado kijana, pimwa moyo kabla hujaanza mazoezi.