Usiyamwagie Maji Mavi ya Alumini

Fundi mmoja wa kusubu sufuria huku Vingunguti alinipigia simu kipindi cha masika. "Mhandisi, rundo la nyuma ya tanuri linanuka mkojo. Nimewagombeza vijana wangu wote, wanakataa."

Vijana walisingiziwa. Mvua ilikuwa imelowesha mavi ya alumini, yaani taka inayoelea juu ya alumini iliyoyeyuka na kuopolewa (jina ndilo hilo, kama mavi ya chuma, samahani kwa walio mezani). Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na uso wake ukigusa hewa unajifunika ngozi ya oksidi. Moto ukizidi, nitrojeni ya hewani nayo hunasa, ikawa alumini nitraidi. Hiyo ikipata maji hutoa amonia, ndiyo ile harufu ya mkojo. Unga wa alumini uliomo hutoa haidrojeni, kwa hiyo rundo bichi usilifungie stoo, na sigara ikae mbali.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa analipa kirikuu kuyapeleka dampo. Nikaokota bonge kavu, nikalipasua: ndani linameta. Mavi meupe ya namna hii huweza kubeba alumini nusu ya uzito wake, hata zaidi.

Tukafunga barakoa, tukatwanga kwenye kinu cha chuma, kidogo kidogo maana vumbi lake hulipuka. Oksidi ilipukutika ikawa unga. Alumini, kwa ulaini wake, ilibanjuka vipande bapa kama chapati. Chekecheke la mchanga likatenganisha. Vipande vinarudi tanurini.

Ila hasara kubwa hutokea mapema, dakika chache baada ya kuyaopoa. Mafundi huyatandaza chini yapoe, kumbe wanayalisha hewa: yanaendelea kujiunguza na alumini inageuka oksidi mbele ya macho yao. Yakusanye yakiwa moto kwenye chombo kizito cha chuma, kikavu kabisa, chenye tundu chini, uyakandamize. Alumini itachuruzika.

Chumvi inayorushwa tanurini husaidia matone kuungana, lakini hubaki kwenye taka. Viwanda vikubwa huiyeyusha kwa maji, huchuja, huikausha na kuitumia tena. Oksidi huenda kwenye saruji au matofali ya tanuri. Uani kwa mtu sishauri. Maji hayo yataishia Mto Msimbazi.

Fundi amekwisha kupata rimu ya lori na kuichomelea bamba lenye tundu. Buti bado hajanunua, anapondea kwa kandambili.